Oksijeni Shingoni mwa Ndama

Krrakakakaaa! Ndivyo lilivyolia boksi la dada siku mama alipolimimina kwenye ungo. Choroko zikimwagwa kwenye ungo hulia kwa uzito, unajua kabisa hapa pana chakula. Hizi za dada zililia kwa wepesi, kama watoto wanaokimbia peku, zikarukaruka, na moja ikaponyoka ikabiringika hadi chini ya kitanda cha baba. Hata leo nikisikia mtu anapepeta kunde nageuza shingo, nikitarajia kuona zile rangi: nyeusi, nyekundu na nyeupe, zinang'aa kama pipi.

"Haya, sogeeni," mama akasema. "Mwanangu katoka ng'ambo, hakurudi mikono mitupu."

Uani palijaa. Alikuwapo shangazi, alikuwapo mke wa baba mdogo na mtoto mgongoni, walikuwapo majirani waliokuja kusalimia na waliokuja kuhakikisha. Kwetu Kishapu, upande wa Mhunze, mtu akitoka mbali alichokuja nacho ni cha ukoo mzima, na mgawaji ni mama yake. Sukari ya dada ilikwishagawiwa kwa vijiko. Miche ya sabuni ilikatwa kwa uzi, kila nyumba ikapata kipande. Hata zile khanga mbili zilikwisha kwenda. Lakini wageni walikuwa bado wanaingia, na mama, ambaye hajawahi kumwachia mtu aondoke bure, alikuwa amebaki na viganja vyake tu. Ndipo akalikumbuka boksi la chini ya meza. Dada mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amekwenda na baba kumsalimia bibi, ng'ambo ya mto.

Ungo niliushika mimi. Nilikuwa kama na miaka kumi na mitano, nimemaliza darasa la saba, sekondari sikuchaguliwa, nikabaki nyumbani na ndoto zangu, ambazo hazikuhitaji kuchaguliwa na mtu. Wiki moja nilikuwa mwimbaji wa bendi, wiki ya pili mhudumu wa ndege. Siku ile nilikuwa malkia anayegawa vito.

"Shanga gani kubwa hivi?" shangazi aliuliza, akiweka moja karibu na jicho. "Na matundu yake ona, yamekwenda upande. Wazungu hawa hawajui kutoboa!"

"Wametoboa manne!" alisema mke wa baba mdogo. "Uzi uingie wapi utokee wapi?"

"Utatokea unapotaka," mama alisema. "Za bei hizo."

Walicheka, lakini walichukua. Nyeusi zilikwenda viunoni mwa watoto wachanga. Nyeupe, zenye tundu moja tu, zikawa gololi za watoto. Nyekundu ilimpendeza baba mdogo. Aliitia motoni sindano ya kushonea magunia, akaitoboa ile shanga moja kwa moja, akamvisha ndama wake jike aliyempenda kuliko watu.

Jioni dada aliporudi, alisimama langoni akamtazama yule ndama akipita na mkufu wake. Akauliza polepole, "Nani kamvisha ndama oksijeni?"

Hapo sina budi kueleza habari za dada yangu.

Baba alifanya kazi mgodini Geita mpaka mgodi ulipofungwa, miaka ile ya sitini. Alirudi Kishapu na kofia moja ya chuma na miche ya utupa aliyoifunga kwa gunia bichi. Aliipanda kando ya zizi. Utupa kila mchungaji anaujua: ukiusaga majani na kumsugua ng'ombe, kupe wanadondoka. Ukiutia bwawani, samaki wanaelea. Dada alikuwa msichana mdogo alipomuuliza baba, "Mbona samaki anakufa na ng'ombe hafi?" Baba hakujua. Ila hakumkemea, na hilo ndilo lililomfikisha dada alikofika. Alimwambia, "Geita tulikuwa tunapewa jiwe jeusi, huoni kitu, mzungu anasema humo mna dhahabu. Tunasaga, tunaosha, kweli imo. Kwa hiyo hata kwenye jani mnaweza kuwa na kitu. Kakitafute."

Basi dada akaenda kukitafuta. Shule ya bweni, halafu chuo kikuu, kemia, msichana peke yake katika safu nzima ya wavulana. Halafu ng'ambo miaka kadhaa, akajifunza kazi ambayo kijijini hakuna aliyeweza kuisema. Alikuwa anachora maumbo ya vitu visivyoonekana. Kila kitu, alituambia, dawa, sumu, maziwa, damu, kimejengwa kwa molekuli, na molekuli imejengwa kwa atomu, na umbo lake ndilo tabia yake. Aliporudi alipitiliza chuoni kufundisha, na likizo ile, ya kwanza nyumbani, aliipata kwa sababu moja. Wageni kutoka kampuni ya dawa za mifugo ya Ulaya walikuwa wanazunguka kutazama majosho ya ng'ombe ya Usukumani, na mwisho wa juma wangekaa Shinyanga mjini pamoja na maprofesa kuwasikiliza watafiti vijana. Wangemchukua mmoja tu katika maabara yao. Dada alikuwa aeleze umbo la sumu ya utupa, alijenge mbele ya macho yao kwa zile gololi za boksi, kila rangi atomu yake, nyeusi kaboni, nyekundu oksijeni, nyeupe haidrojeni, maana siri yote ilikuwa katika umbo, na kwa maneno matupu haisemeki.

Gololi zenyewe sasa zilikuwa viunoni mwa watoto wa kijiji.

Baba alikasirika, si kwa sauti, baba hakuwa na sauti. Alitafuta fimbo yake. "Napita nyumba kwa nyumba. Kufikia kesho nitakuwa nimezikusanya zote."

"Yaya, baba, hapana," dada akamzuia. Alipokuwa na jambo zito Kiswahili kilimkimbia, kikabaki Kisukuma. Kisha akasema kwa utulivu, "Mama ametoa. Ukidai, watasema mama wa fulani alitoa kwa mkono wa kulia akanyang'anya kwa wa kushoto. Ataendaje kisimani?"

"Na safari yako?"

"Safari yangu ni yangu. Jina la mama ni la wote."

Mama alikuwa jikoni anaimba, anasonga ugali wa mtama, hajui kitu. Dada alikwenda akamshika mabega kwa nyuma. "Mama, umewafurahisha watu."

"Wabeja, asante mwanangu! Hata mama yake mwenyekiti kachukua tatu!"

Dada alicheka kicheko kizima. Nilimtazama usoni nikaona macho hayakucheka, na moyo wangu, ambao tangu utotoni ni mlaini kama maziwa mgando, ukapasuka. Nilitoka nikakaa karibu na zizi. Nikawaza: kama ni kitu cha mviringo chenye matundu, si tuna udongo?

Kesho yake asubuhi nilimwambia dada. Alichukua fimbo akachora chini, akafuta, akachora tena. Kisha akasema, "Unajua kutengeneza mviringo?"

"Dada, mimi ng'ombe wote wa udongo wa kijiji hiki nimewafinyanga."

Tulianza vibaya. Tulichimba udongo mweusi wa mbugani, ulio karibu, tukafinyanga asubuhi nzima tukianika juu ya bati. Mchana gololi zote zilikuwa zimepasuka kama visigino vya kiangazi. Baba aliyekuwa anapita akasema tu, "Huo ni wa kunasia matrekta," akaenda zake, akarudi na karai la udongo wa kichuguu. Mchwa wameshausaga na kuukanda kwa mate yao. Ule haukupasuka.

Kazi kubwa ilikuwa matundu. Atomu ya kaboni, dada alieleza, ina mikono minne, na haielekezi ovyo. Kila mkono unawakimbia wenzake kadiri unavyoweza. Nikaitoboa kama msalaba. "Hapana." Nikaitoboa tena. "Hapana." Nilitaka kulia. Dada akatazama huku na huku, halafu akanivuta jikoni mpaka kwenye mafiga.

"Haya mawe ni mangapi?"

"Matatu."

"Yamesimama wapi?"

"Yameachana sawasawa."

"Na chungu kinakaa wapi?"

"Juu, katikati."

"Basi. Mafiga matatu chini na chungu juu. Hiyo ndiyo kaboni. Umeipikia tangu ulipopata akili."

Nikarudi mbio. Mwiba wa mgunga mkononi, tundu, tundu, tundu, na moja juu. Dada aliigeuza gololi ile upande huu na huu kwa muda mrefu. Kisha aliiweka kwenye ungo na kunipa donge jingine. Sijawahi kupewa cheti kikubwa kuliko donge lile. Kaboni zingine, zile zinazoshikana duara bapa kama vikuku, zilikuwa na matundu matatu yaliyolala sawa kama alama ya njia panda, na hizo dada alizitoboa mwenyewe.

Mama alitukuta hapo, mikono imechafuka hadi viwikoni. Alisimama. Alizitazama gololi, akamtazama baba aliyekuwa anajifanya kukagua jembe.

"Mnafinyanga nini?"

"Shanga zingine, mama," dada alisema. "Zile zilikuwa chache."

Mama aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na kibuyu cha samli, ile ya kujipaka siku za harusi, akakaa chini nasi, akaanza kulainisha kila gololi kwa kidole chake. "Shanga isiyong'aa ni kinyesi cha mbuzi," alisema. Hakuuliza tena.

Tulizichoma kwa moto wa mavi makavu ya ng'ombe, kwa sababu miti kwetu ni ya kuhesabu. Chache zililia pu! zikapasuka, nyingi zilitoka nzima. Nyeusi tulizipaka masizi ya sufuria na samli. Nyekundu tulizipaka udongo wa kilimani ule wajipakao wacheza ngoma. Nyeupe majivu na chokaa. Vijiti vya kuungia tulichomoa kwenye ufagio wa mama, naye akafagia kwa kishungi kilichobaki bila kulalamika.

Kisha dada akaunga. Nilikuwa nimezoea kumwona dada yangu akisoma, hilo halina cha kutazama. Siku ile nilimwona akifanya kazi. Vikuku vikaungana na vikuku, vidogo vyeupe vikajipanga pembeni kama vifaranga, na pale katikati, badala ya kunyooka, umbo likajikunja kama kiwiko.

"Umekosea," nikamwambia, "limepinda."

"Hapo ndipo penyewe," alisema, uso wake umewaka. "Ukilinyoosha hapa, atomu ni karibu zile zile, lakini kupe atakula na kushiba. Kupinda huku ndiko kunakoingia ndani ya mwili wake na kumziba pumzi. Watu wanajua utupa unaua. Mimi nataka wajue ni kwa kiwiko hiki."

Gashi! Kumbe kando ya zizi letu mlikuwa na viwiko maelfu kwa maelfu, na sisi tunafunga ndama hapo.

Tulisafiri juu ya lori la pamba lililokuwa linakwenda kwenye kiwanda cha kuchambulia. Umbo la utupa lililala ndani ya tenga, limezungukwa na pamba ya shamba letu, na tenga lilikuwa mapajani mwangu. Ndiyo sababu dada alinichukua: nishike. Kila lori liliporuka shimo nilijinyanyua mimi, tenga likabaki hewani. Utingo aliniuliza, "Binti, una mayai humo?" Nikamjibu, "Nina sumu." Hakunisogelea mpaka Shinyanga.

Ukumbini sikuruhusiwa kukaa na wakubwa, nikasimama mlangoni. Waliotangulia walikuwa na picha za kuangaza ukutani na gololi za plastiki kama zile zetu zilizovaliwa na ndama. Dada alipofunua tenga, kijana mmoja wa mbele alimnong'oneza mwenzake, na kwa kuwa alinong'ona Kiswahili nilimsikia: "Huyu kaleta ufinyanzi." Masikio yangu yakawaka moto. Dada aliondoa pamba kwenye vijiti, akaliinua umbo kwa mikono miwili kama mtu anayeinua mtoto aombewe.

Alisema Kiingereza, kwa hiyo maneno sikuyapata. Lakini nilimwona akikunja kiwiko chake mwenyewe, kisha akaonyesha kile cha udongo, kisha akaunyoosha mkono wake na kutikisa kichwa. Mgeni mmoja mzee, mwenye kipara, aliinuka akaja kuligusa. Akatazama kidole chake: kimekuwa cheusi. Akajipangusa kwenye shati jeupe, likawa na mstari. Dada akasema kitu, na ukumbi mzima ukacheka, yule kijana wa mbele naye. Baadaye nilimuuliza alisema nini.

"Nilimwambia asiwe na wasiwasi, masizi hayo ni kaboni halisi."

Walikaa naye muda mrefu, mlango umefungwa. Nilikula matobolwa yote, viazi vya kukausha tulivyofungiwa na mama, ya dada pia, kwa hofu. Alipotoka hakuwa na tenga. Nikajua umbo wamelivunja, nikaanza kulia kabla ya kuambiwa.

"Unalia nini? Wamelitaka," dada alisema. "Wanalichukua, na mimi nalifuata."

Nilimrukia pale pale barabarani, mbele ya wauza vitunguu, hadi mama mmoja akauliza, "Kaolewa?"

"Kapita!" nikamjibu. "Dada yangu kapita!"

Hayo yamepita miaka. Dada alifanya kazi katika maabara ile, akapanda ngazi, akawa na wanafunzi wanaomsubiri mlangoni kwa wasiwasi. Alirudi kwetu mara moja kwa likizo ndefu, wakati ule maduka yalipokuwa na rafu tupu, akatukuta tunatumia majivu badala ya sabuni. Safari hii alikuja na mizigo miwili, mmoja ameuandika kwa chaki nyeupe, ZAWADI, akamkabidhi mama kabla hajavua viatu.

Mama akausoma. Hatua zake mbili za kisomo cha watu wazima zilimtosha. Akasema bila kuinua macho, "Ile siku nilijua. Nilipoona baba yenu anakagua jembe wakati wa kiangazi, nilijua. Nikaogopa kuuliza msije mkanijibu."

"Mama," dada alisema, "wale watu wasingenikumbuka kwa gololi za dukani."

"Usinifariji. Niletee chungu, nikupikie kaboni yako."

Wakacheka wote wawili hadi shangazi akatoka kuuliza nini.

Tukiwa tunabangua karanga, dada alitusimulia kazi ilivyobadilika. Siku hizi molekuli inajengwa ndani ya kompyuta. Unaandika namba, na kwenye kioo inatokea kwa mistari ya kijani, unaizungusha kama mtu anavyogeuza muhindi wa kuchoma. Unaweza kuondoa atomu hii ukaweka ile, ukaona dawa itakavyokaa kabla ya kupika tone moja. Inatumika hata katika bioteknolojia, alisema, sayansi ya kutumia viumbe hai kutengeneza dawa. Baba alitaka kujua kama kompyuta inaweza kupinda kiwiko. Inaweza, dada alisema. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeipima mwenyewe.

"Na la udongo lilikwenda wapi?" nikamuuliza.

"Liko ndani ya kabati la kioo, mlangoni kwa maabara. Kila mgeni anasimamishwa hapo. Lilipohamishiwa jengo jipya walidondosha upande mmoja. Kaboni moja ikasagika, ile ya juu ya kiwiko. Tumeacha pengo. Watu wakiuliza nasema, fundi wake yuko Kishapu."

Fundi! Nilibangua karanga kwa kasi, maganda yakaruka hadi kwenye nywele za mama. Mimi ni mwalimu wa darasa la vidudu, nafundisha watoto kuhesabu kwa vidonge vya udongo, mshahara wangu ni shukrani na mahindi wakati wa mavuno. Lakini niwaambie ukweli: tangu siku ile natembea kama mtu ambaye kazi yake imewekwa kabatini Ulaya, kwa sababu imewekwa.

Kesho yake dada alikwenda ng'ambo ya mto kumsalimia bibi, baba akamsindikiza, na mama akawa uani anagawa mzigo wa ZAWADI kwa sauti ya juu. Mimi nilichukua karai nikatoka kwa nyuma. Nilibomoa pembe ya kichuguu, nikaukanda ule udongo kwa maji ya kibuyu mpaka ukaacha kunata. Nikafinyanga gololi moja. Nikatafuta mwiba wa mgunga. Matatu chini, kama mafiga. Moja juu. Sikuhitaji kwenda jikoni kutazama. Nikaianika juu ya jiwe la kusagia, upande wenye jua, nikaifunika kwa kipande cha kibuyu ili kuku wasije wakaidonoa.